Gesi tumboni: kabla hujanunua tena dawa ya vidonda

Wagonjwa wengi wanaokuja kwangu wakilalamika tumbo kujaa gesi wameshajitibu vidonda vya tumbo, kwa ushauri wa jirani au wa duka la dawa. Omeprazoli, mojawapo ya dawa za vidonda, hupunguza asidi ya tumbo. Gesi inayowasumbua hutoka chini zaidi, kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huchachusha chakula ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukimeng'enya. Ndiyo maana mtu anameza vidonge wiki nzima na jioni suruali bado inambana.

Kujamba mara 10 hadi 20 kwa siku ni kawaida kwa mtu mwenye afya njema. Sehemu kubwa ya hewa hiyo haina hata harufu. Kinachonuka ni gesi chache zenye salfa.

Maharage yanalaumiwa kwa haki. Yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, na sisi binadamu hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo zinafika kwa bakteria zikiwa nzima. Bahati nzuri, zinayeyuka kwenye maji. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale yote, suuza, kisha chemsha kwa maji mapya. Akina mama huniuliza kama virutubisho havitapotea. Vinapotea kidogo, lakini afadhali hivyo kuliko kuyaacha maharage kabisa. Magadi yanaivisha haraka, ila yana sodiamu nyingi. Mwenye presha namsihi asiyatumie.

Maziwa ndiyo yanayosahaulika. Kwa watu wazima wengi wa kwetu, uwezo wa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, hupungua baada ya utoto. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha mabadiliko ya jeni yanayowawezesha wengi katika jamii za wafugaji kuendelea kunywa maziwa ukubwani bila shida. Kwa hiyo usijilinganishe na mwenzako anayemaliza jagi zima. Jaribu mtindi: bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi hiyo, na wengi wanaoshindwa na maziwa freshi wanauvumilia.

Ukitaka kujua adui yako, acha kitu kimoja tu kwa wiki mbili, kisha kirudishe. Ukiacha maziwa, maharage na soda kwa mpigo, nafuu utaipata lakini hutajua imetokana na nini. Bablishi nazo zitazame: unapotafuna unameza hewa, na zile zisizo na sukari mara nyingi huwa na sobitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo nayo huchachuka.

Kama unapungua uzito bila sababu, unaona damu kwenye choo, unaharisha hadi usiku unaamka, au tatizo limeanza ukiwa umevuka miaka 50, njoo upimwe. Na tumbo likivimba, ukatapika, huku choo wala hewa havitoki, nenda hospitali saa hiyohiyo. Huenda utumbo umeziba.