Star Trek ya zamani: wahakiki wanapokosea

Kwenye maduka ya kujaza flashi ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, tamthilia hupangwa kwa namba, na namba hizo ndizo zinazowapoteza wahakiki wa Star Trek ya 1966, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu. Tuchukue "The Man Trap", ile ya kiumbe mla chumvi.

Dhana: Sehemu namba moja ndiyo iliyotengenezwa kwanza.
Si kweli. "The Man Trap" ilirushwa na NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, tarehe 8 Septemba 1966 kufungua tamthilia, lakini "Where No Man Has Gone Before", iliyorushwa ya tatu, ilipigwa picha 1965. Ukifuata namba utaona sare zimebadilika, daktari wa chombo si McCoy, na Uhura, afisa wa mawasiliano, hayupo kabisa. Anayeandika kwamba watayarishaji wamesahau wahusika wao anawaonea. Tafuta kwanza orodha ya utengenezaji.

Dhana: Nancy, mpenzi wa zamani wa McCoy, anabadilika sura kwa uzembe wa uhariri.
Hapa tulia kidogo. Ndani ya tukio moja McCoy anamwona Nancy akiwa bado kijana, kama alivyomfahamu zamani. Nahodha Kirk anaona mama wa makamo mwenye mvi, na Darnell, mmoja wa wafanyakazi wa chombo, anaona msichana mwingine kabisa. Huyo "Nancy" ndiye yule kiumbe mla chumvi, na humvalia kila mtu sura tofauti. Rudia tukio, simamisha kila picha inapokatwa, andika dakika na macho ya nani tunayatumia. Usipofanya hivyo, hutaelewa kwa nini mwishoni McCoy anasita huku silaha anayo mkononi.

Dhana: Nakala yoyote inafaa.
Sehemu kamili ina dakika 50 hivi. Faili ya dakika 44 imekatwa, mara nyingi kupisha matangazo zaidi, kwa hiyo usimlaumu mwandishi kwamba hadithi inaruka. Toleo lililosafishwa kuanzia 2006 nalo limewekewa picha mpya za kompyuta za chombo cha angani na sayari. Kusifia "ufundi wa miaka ya sitini" huku unatazama hilo ni kujiaibisha. Ule muziki unaopanda ghafla kila baada ya dakika kadhaa? Hapo palikuwa na mapumziko ya matangazo.

Halafu kuna toleo la DJ, anayetafsiri filamu kwa sauti yake. Kwenye kibanda umiza, sauti ya DJ hufunika ya asili, na kwa sinema ya ngumi haidhuru. Hapa inadhuru: kiumbe anamjia Uhura kwenye korido katika umbo la mwanamume, wanasemeshana maneno machache ya Kiswahili. DJ akipita juu yake, umekosa kitu ambacho msomaji wa kwetu anaweza kukipima kuliko mhakiki yeyote wa Marekani. Sikiliza sauti ya asili kwa spika za masikioni.

Dhana: Uhakiki ni kusimulia hadithi yote.
Sentensi tatu za muhtasari zinatosha. Na mawe ya bandia ya mandhari ya sayari kila mtu ameshayaona, yaache.