GMO: maana yake, na yale ambayo lebo haikwambii

Mitaani Nairobi, kuku wa gredi ni "kuku wa GMO", nyanya ngumu inayokaa wiki mbili bila kuoza ni "nyanya ya GMO", na kijana aliyempita babake kimo kabla ya kumaliza shule ya msingi naye ataitwa hivyo hivyo. Jina hilo halimfai hata mmoja wao. Kuku yule alipatikana kwa kuchagua wazazi wanaonenepa haraka, kizazi baada ya kizazi. Nyanya ile ni chotara tu.

GMO ni kiumbe ambacho vinasaba (jeni) vyake vimebadilishwa maabara kwa namna ambayo uzazi wa kawaida usingeweza, mara nyingi kwa kutiwa jeni ya kiumbe cha aina nyingine kabisa. Mfano wa karibu ni pamba ya Bt, ambayo Kenya iliruhusu ilimwe kibiashara Desemba 2019. Bt ni kifupi cha Bacillus thuringiensis, bakteria wa udongoni anayetengeneza protini yenye kuua viwavi wa aina fulani. Jeni ya protini hiyo ilitolewa kwa bakteria ikatiwa kwenye pamba, kwa hiyo mmea wenyewe sasa ndio unaoitengeneza. Funza wa vitumba akitafuna, protini inamharibu utumbo, anakufa. Mkulima anapiga dawa mara chache zaidi, ingawa haachi kabisa: vidukari na wadudu wengine wanaofyonza hawaguswi na protini hiyo.

Chotara ni jambo jingine. Mahindi ya H614 unayoyanunua agroveti yametokana na kupandanisha mbegu wazazi zilizochaguliwa, kwa chavua, shambani. Hakuna jeni ya kigeni humo. Lakini ukihifadhi punje zake upande msimu ujao, mavuno yanashuka na mimea inatoka kila mmoja na kimo chake. Ndiyo maana mkulima wa Trans Nzoia anarudi dukani kila mwaka, na mtindo huo ulianza miaka ya 1960, kabla GMO ya kwanza haijafika sokoni popote duniani. Anayedhani utegemezi wa mbegu ya dukani uliletwa na GMO amechelewa kwa miongo kadhaa.

Hofu ya afya ndiyo iliyotangulia hapa kwetu. Novemba 2012 baraza la mawaziri lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, baada ya utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa kudai kuwa panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha liliuondoa, likisema matokeo yake hayatoshi kuthibitisha chochote. Mwaka 2016 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilipitia mamia ya tafiti na hakikuona kwamba vyakula vya GMO vilivyo sokoni vinamdhuru mlaji kuliko vya kawaida. Marufuku ya Kenya ilidumu hadi Oktoba 2022, kisha kesi zikafuata, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena uingizaji rufaa ikisubiri kusikilizwa.

Basi si wekeni lebo, kila mtu achague? Kenya ina kanuni za lebo tangu 2012: chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO lazima kitangaze. Umoja wa Ulaya umeweka asilimia 0.9. Marekani, ambako lebo imekuwa lazima tangu Januari 2022, inavumilia hadi asilimia 5, na kanuni zilizoanza mwaka huo zilimruhusu mtengenezaji kutumia msimbo wa kuskani kwa simu badala ya maneno. Halafu kuna mafuta ya kupikia. Mafuta ya soya yakisafishwa sana, jeni haionekani tena kwenye kipimo. Ulaya inadai lebo hata hivyo, kwa sababu inaangalia yalikotoka; kanuni hizo za Marekani za 2022 hazikudai, kwa sababu ziliangalia kilichobaki ndani ya chupa. Chupa ileile iliweza kuwa na lebo Berlin na kukosa lebo Chicago.

Na sisi tunaonunua mahindi kwa gorogoro? Mama anapima kutoka kwenye gunia, unayapeleka kwa mashine ya kusaga, jioni ni ugali. Njia nzima hiyo haina pakiti. Lebo itabandikwa wapi, kwenye mkebe? Inamfaa anayenunua unga wa duka kubwa, na hao si wanaokula mahindi mengi zaidi.

Jambo ambalo lebo hailigusi kabisa ni umiliki. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Chakrabarty kwamba kiumbe hai kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kupewa hataza (patent), yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kukitengeneza bila ruhusa yake. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikasema Vernon Bowman, mkulima wa soya wa Indiana, alivunja hataza ya kampuni ya Monsanto kwa kupanda punje zenye jeni yake alizonunua kwenye ghala la nafaka, na akabaki na fidia ya zaidi ya dola 84,000. Punje zilikuwa zake. Haki ya kuzizalisha haikuwa yake. Miaka mitano baadaye kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliinunua Monsanto, kampuni iliyokuwa ikiuza soya inayostahimili dawa ya magugu na dawa yenyewe pia.

Si kila mpango wa GMO uko hivyo. Jeni iliyo kwenye mahindi ya TELA, yanayofanyiwa kazi na AATF, shirika la teknolojia ya kilimo la Nairobi, ilitolewa bila kulipia mrabaha, na hilo ni afadhali kubwa kwa mkulima mdogo. Ila anayetoa ndiye bado mwenye mali.

Wala hapa nyumbani haikuhitajika GMO ili mkulima aogope mbegu yake mwenyewe. Sheria ya mbegu ya Kenya ilitishia kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya shilingi milioni moja kwa anayeuza mbegu zisizoidhinishwa, na wakulima wadogo 15 wakaenda mahakamani. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Nakuru ilivibatilisha vipengele vilivyowazuia kuuziana na kubadilishana mbegu. Walichokuwa wakikitetea ni maharagwe, mtama na mboga za kienyeji.