Chujio chafu la hewa silo linalomaliza petroli

Gari kuukuu likianza kunywa mafuta, wengi hukimbilia kubadilisha chujio la hewa. Kwenye injini ya kabureta (kifaa cha zamani kinachochanganya hewa na petroli) wana hoja: hewa ikibanwa, petroli huzidi kwenye mchanganyiko. Kwenye injini ya injekta (inayonyunyiza petroli), kompyuta ya gari hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli ipasavyo. Chujio likiziba, unachopoteza ni nguvu tu, hasa mlimani. Libadilishe, ila usitarajie nafuu kwenye tangi.

Ukitafuta chanzo, anza na thermostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini. Ikikwama wazi, injini haipati joto, na kompyuta huendelea kuongeza petroli. Kisha kagua breki: weka vizuizi kwenye magurudumu, piga jeki, gia huru, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linalogoma huenda lina breki inayokamata. Mara nyingi pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki, zimekauka grisi.