Soksi za kubana hazikabi damu

Mama mmoja anayeuza ndizi katika soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, alinirudishia soksi zake za kubana zikiwa bado ndani ya pakiti, akaniambia kwa upole kwamba jirani yake amemtahadharisha: "Mwanangu, hizi zinakaba damu, mguu utakufa ganzi." Alipopandisha kitenge nikaona kipande cha tyubu ya baiskeli kimefungwa chini kidogo ya goti, "damu isishuke," na chini yake vena, mishipa inayorudisha damu kwa moyo, zimetuna na kujipinda. Ameikataa soksi, kumbe kitu kinachokaba amejifunga mwenyewe! Maneno hayo nimeyasikia kwa wagonjwa wa Tukuyu hadi wa Makambako, na nakiri kwamba uvumilivu wangu unakaribia kwisha.

Damu haina tatizo la kushuka mguuni. Tatizo lake ni kupanda. Hurudi kwa moyo kupitia vena, ikisukumwa na misuli ya shavu la mguu kila tunapokanyaga, huku vali ndogo zikiizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama, vena hutanuka, na kadiri inavyotanuka ndivyo vali zinavyozidi kuachana. Mtu anaposimama wima bila kusogea, shinikizo ndani ya vena za kifundo cha mguu hufika takriban milimita 80 hadi 90 za zebaki; mwenye vali nzima akitembea hatua chache hushuka hadi chini ya 30, lakini kwa mama yetu, aliyesimama kando ya meza yake tangu alfajiri, halishuki kiasi hicho, na ndiyo maana jioni mguu huwa mzito na viatu humbana.

Soksi ya daraja la kati hubana kwa milimita 20 hadi 30 kwenye kifundo, kisha mbano hupungua taratibu kuelekea gotini, jambo ambalo tyubu ya baiskeli haiwezi. Vena iliyotanuka husinyaa, vali husogeleana, na damu hukimbia kama maji ya mfereji wa bustani yanapofika mahali pembamba. Ateri inayoleta damu mguuni ina shinikizo la 120 hivi, kwa hiyo mbano wa 30 hauizibi. Jirani angekuwa na hoja kwa mgonjwa mmoja tu, yule ambaye ateri zake zimeziba, mara nyingi kwa kisukari au sigara. Huyo hupimwa kwanza shinikizo la damu ya ateri kwenye kifundo, na bila kipimo hicho simpi soksi.

Wapo wanaonunua soksi ndefu za mpira wa miguu kwa kuwa nazo zinabana. Hizo hubana zaidi juu, kwenye lastiki, na alama ya pete inayobaki chini ya goti ndiyo ushahidi.

Wengine huvaa miezi miwili, kisha hulalamika kwamba vena bado zinaonekana. Soksi haiponyi vena. Hupunguza uvimbe na maumivu ikiwa imevaliwa, na anayetaka vena ziondoke huzungumza na daktari wa upasuaji.

Baridi ya Juni, ambayo nyanda zetu za juu huilaumu kwa kila kitu, huzisinyaza vena. Joto ndilo linalozitanua, kwa hiyo anayekaa usiku kucha miguu ikielekea jiko la mkaa anajiongezea kazi.

Kulala nazo hakuna haja, kwa kuwa mtu akilala damu haipandi mlima tena. Zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu ukiwa haujavimba, na hapa huwa sibembelezi mtu: anayezivaa saa nne akiwa sokoni atahangaika, atazikunja juu, na mkunjo huo utageuka kuwa tyubu ya pili. Glavu za mpira za kuoshea vyombo husaidia sana kuzivuta. Zifuliwe kwa maji ya vuguvugu, zianikwe kivulini, na baada ya miezi sita, hata kama hazijachanika, zibadilishwe, kwa sababu lastiki yake imekwisha kulegea.