Mshiko wa tairi: maana yake kwa anayejifunza kuendesha pikipiki kwenye mchanga na tope

Mkazi wa Dar es Salaam akisikia neno mshiko, jambo la kwanza linalomjia akilini ni pesa. Kwa mwendesha pikipiki anayetoka nje ya lami, awe anajiandaa kwa mbio za motokrosi au anataka tu kumudu njia za mashambani, neno hilohilo hutaja nguvu inayolifanya tairi ling'ang'anie ardhi badala ya kuteleza juu yake. Maana hizi mbili zinakaribiana kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa mshiko wa tairi nao una kiasi chake, hugawanywa katika matumizi mbalimbali, na anayeutumia wote mahali pamoja hukosa wa kutumia pengine.

Chanzo chake ni msuguano. Tairi la pikipiki hugusa ardhi kwa eneo dogo tu, lenye ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono, na kila kitu ambacho mwendeshaji anataka pikipiki ifanye lazima kipitie hapo. Kwenye lami, mpira wenyewe ndio unaong'ang'ania uso wa barabara. Kwenye udongo hali ni tofauti: kashata za tairi, yaani vile vinundu vya mpira vilivyochomoza juu yake, huchimba na kuusukuma udongo nyuma, kwa hiyo mshiko hautegemei ubora wa tairi peke yake bali pia uimara wa udongo unaosukumwa. Udongo ukimeguka, hata tairi lililotoka dukani jana litateleza. Aghalabu tairi likishaanza kuteleza hushika kidogo kuliko lilivyokuwa likishika kabla ya kuteleza, na ndiyo sababu gurudumu la mbele lililobanwa breki hadi likagoma kuzunguka huiangusha pikipiki kwa haraka ya kushangaza.

Kiini cha dhana hii ni kwamba tairi hufanya kazi tatu, yaani kuisukuma pikipiki, kuisimamisha na kuikatisha kona, na kazi zote tatu hulipwa kutoka mfuko mmoja. Anayefunga breki kwa nguvu akiwa wima anaweza kuutumia karibu mshiko wote kusimama, lakini akianza kuilaza pikipiki kwenye kona wakati bado amebana breki vilevile, anadai malipo mawili kutoka mfuko unaotosha moja. Jambo hili nililijua kwa kuanguka. Ilikuwa Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, msimu wa vuli, kwenye mteremko wenye kona upande wa kushoto; nilikuwa nimeanza kuilaza pikipiki na vidole viwili bado viko kwenye breki ya mbele, na gurudumu likaondoka chini yangu kabla sijapata hata nafasi ya kutoa mguu. Nilipoinuka niliikagua breki nikiamini ina hitilafu, na ilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa langu la mpangilio: breki hufungwa kwa nguvu pikipiki ikiwa bado wima, huachiwa taratibu kadiri inavyolala, na mafuta huvutwa polepole kadiri inavyoinuka. Waendeshaji wazuri wa motokrosi hufanya mambo hayo matatu yakifuatana kwa ulaini kiasi kwamba mtazamaji hudhani ni tendo moja.

Uzito wa mwili nao huchangia kuamua tairi lipi lipate mshiko mkubwa zaidi. Pikipiki ya motokrosi ya ukubwa wa cc 250 ina uzito unaokaribia kilo 100 hadi 110, hivyo mwendeshaji wa kilo 70 ni karibu theluthi mbili ya uzito wa chombo anachokiendesha, na akisogea mbele au nyuma kwa shubiri moja tu, mgawanyo wa mzigo kati ya magurudumu mawili hubadilika waziwazi. Kwenye mashimo na matuta mwendeshaji husimama juu ya vyuma vya kukanyagia, magoti yakiibana pikipiki na viwiko vikiwa juu, ili pikipiki icheze chini yake bila kumrusha. Kwenye kona isiyo na kingo ya udongo, hukaa mbele karibu na tenki ili gurudumu la mbele lipate mzigo wa kulikandamiza, hunyoosha mguu wa ndani mbele, na hukikanyaga kwa nguvu chuma cha upande wa nje, huku pikipiki ikilala zaidi kuliko mwili wake. Anayejifunza hupenda kukaa nyuma kwa sababu ya woga, na kwa kufanya hivyo hulinyima mzigo gurudumu lilelile analolitegemea kumwongoza.

Jiji la Dar es Salaam ni darasa zuri kwa kuwa lina ardhi za namna nyingi. Mchanga mwingi wa Kigamboni hulifanya gurudumu la mbele liwayewaye, na mwendeshaji mgeni huogopa akaachia mafuta ghafla. Uzito hukimbilia mbele, gurudumu likazama, na safari ikaishia hapo. Dawa ni kusimama, kurudisha mwili nyuma kidogo, kuangalia mbali na kuacha mafuta yavutwe kwa kipimo kilekile bila kukatika. Tope la mfinyanzi wakati wa masika lina tabia nyingine: hujaa katikati ya kashata hadi tairi likawa kama kipara, na huhitaji gurudumu la nyuma lizungushwe kwa kasi kidogo ili liutupe udongo huo. Lakini ardhi ninayoihofia kuliko zote ni ile ngumu ya kiangazi iliyofunikwa vumbi jepesi, ambayo kuipita ni kama kukanyaga choroko zilizomwagika sakafuni. Rangi husaidia kuitambua, kwani udongo uliokoza kwa unyevu kwa kawaida hushika vizuri kuliko ule uliopauka, na mwenye mazoea huchagua njia yake kwa kuangalia rangi hiyo mita nyingi kabla ya kuifikia.

Upepo wa matairi nao huongeza au hupunguza mshiko. Tairi la motokrosi kwa kawaida hujazwa paundi 12 hadi 15 kwa inchi ya mraba, kiasi ambacho fundi wa pancha aliyezoea pikipiki za bodaboda atakiona kidogo mno. Upepo mdogo hulitanua tairi likagusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, lakini ukizidi kupunguzwa, ringi huibana tyubu kwenye jiwe na kuipasua, au tairi huzunguka juu ya ringi na kukata mdomo wa tyubu. Aliyepunguza upepo kwa ajili ya mchanga aujaze tena kabla ya kuvuka Daraja la Kigamboni kurudi mjini, kwani pikipiki yenye matairi laini huyumba kwenye lami.

Katika mbio, mshiko huanza kugombewa kabla ya kona ya kwanza. Waendeshaji hupangwa mstari mmoja nyuma ya kizuizi cha chuma, na kizuizi kinapoanguka, anayeachia klachi yote kwa pupa hulizungusha gurudumu la nyuma bure, akachimba shimo huku wenzake wakiondoka. Wengi huanza na gia ya pili ili nguvu ifike kwenye tairi kwa upole, na klachi huachiwa kwa kipimo, kwa kidole kimoja au viwili, huku kifua kikiwa mbele.

Kuhusu mazoezi, ningemshauri anayeanza aache kabisa kutafuta kasi kwa wiki chache za kwanza. Atafute uwanja wa wazi alioruhusiwa kuutumia, avae kofia ngumu na viatu virefu, kisha azunguke umbo la nane kwa gia ya kwanza, akiipima klachi kwa kidole. Baada ya hapo afanye zoezi la kusimama: aende taratibu katika mstari ulionyooka, afunge breki ya mbele kwa kuibana kidogo kidogo, na aongeze nguvu kila mzunguko mpaka atakapohisi gurudumu likianza kukoroma juu ya changarawe, kisha alegeze papo hapo. Akimaliza, ashuke akaangalie alama alizoziacha. Pale ambapo kashata zimejichapa ardhini moja moja, na kingo zake zinaonekana, tairi lilikuwa limeshika. Pale alama zilipoburutwa zikawa mfereji mmoja laini, lilikuwa linateleza, na umbali kati ya sehemu hizo mbili unaweza kupimwa kwa hatua.