PB si muda wako wa leo

Jumamosi iliyopita nimelisikia tena neno PB likitumiwa vibaya, na safari hii limetoka kwa dada ambaye mwaka huu hajakosa hata wiki moja: "PB yangu ya leo mbaya kweli." Mwenzake akampoza, "Usijali, wiki ijayo utaiongeza." Sentensi mbili tu, zote zimeenda kombo, na hawa si wageni wa mbio za kila wiki, ni watu wanaojua kilomita 5 zinaumaje. Ndo maana nimeona nikae niliandike hili vizuri, manake neno likikaa vibaya mdomoni linakaa vibaya kichwani pia, na nimeona watu wakiacha kukimbia kabisa kwa sababu ya kulielewa nusu nusu.

Maana yenyewe haina mambo mengi. PB ni muda mfupi kuliko yote uliowahi kutumia kumaliza umbali fulani. Kilomita 5 ina PB yake, kilomita 10 ina yake, marathoni ina yake. Herufi ni kifupi cha Kiingereza, personal best, kwa kirefu sisi tunasema muda bora binafsi, na ukiona mtu kaandika PR huyo kafuata mtindo wa Marekani ambako wanasema rekodi binafsi, kitu ni kile kile. Kwenye TV utaona pia SB mbele ya jina la mwanariadha, huo ni muda bora wa msimu, na nahisi watu wengi wanaosema PB walichokuwa nacho kichwani ni hicho cha pili.

Sasa tumrudie yule dada. PB haiwezi kuwa "ya leo" mpaka leo uwe umekimbia haraka kuliko siku zote za maisha yako. Ukimaliza kwa dakika 31 na mwaka jana ulishawahi kumaliza kwa 28, basi 31 ni muda wako wa leo, na PB yako ni 28, iko pale pale. Siku mbaya haiigusi. Mvua haiigusi, usingizi mbovu hauigusi, kuumwa mwezi mzima hakuigusi. Kibaya zaidi kinachoweza kuipata PB ni kubaki ilivyo.

Na hili la "kuongeza" nalo. Kwenye kuruka juu au kurusha mkuki sawa, namba ikipanda ndo umefanya vizuri. Kwenye kukimbia namba inatakiwa ishuke, kwa hiyo mtu akikwambia ongeza PB, ukimfuata neno kwa neno amekuambia uende polepole. Wenye mazoea ya mbio wanasema kushusha, "nimeshusha PB kwa sekunde 12", au kukata, "nimekata sekunde 12", na hayo yote mawili yanaelewa saa inavyofanya kazi. Kuvunja nako kumezoeleka kwa sababu ya "kuvunja rekodi", sikatai, ila mimi silipendi sana neno hilo kwenye PB, kwa sababu ile ya zamani haijavunjika. Uliikimbia kweli, siku ile, kwa miguu yako, na itaendelea kuwa kweli hata ukiipita mara kumi.

Hapo ndo asili ya maneno inanisaidia, na naomba mnivumilie kidogo. Rekodi tumeipokea kutoka Kiingereza, Kiingereza kikaipokea kutoka Kifaransa cha zamani, na ukifuata njia hiyo mpaka mwisho unafika kwenye Kilatini, recordari, maana yake kukumbuka. Ndani ya neno hilo kuna cor, yaani moyo. Kwa hiyo kabla rekodi haijawa kitu cha kuvunjwa uwanjani watu wakipiga kelele ilikuwa ni kurudisha jambo moyoni, kulitunza lisipotee, baadaye ikawa kuliandika. Halafu binafsi. Hili ni la Kiarabu, bi na nafsi, "kwa nafsi", kwa mtu mwenyewe. Ukiyaweka pamoja unapata kitu kizuri mno: kumbukumbu ya nafsi yako. Mtu mwingine hayumo kabisa humo ndani. Aliyekupita kwenye kona ya mwisho hayumo, na kijana wa miaka 17 anayemaliza wewe ukiwa bado nusu ya njia hayumo vilevile.

Ndo maana nakereka mtu akichanganya PB na rekodi kana kwamba moja ni jina la utani la nyingine. Rekodi ya dunia, ya taifa, ya njia fulani, hizo zinauliza nani kawashinda wote, na zina masharti yake. PB inauliza wewe dhidi ya wewe. Na tena PB ya kuandikwa kirasmi nayo ina masharti yake, hapo wengi wanateleza. Mfano unaojulikana ni Eliud Kipchoge. Watu wanasema PB yake ya marathoni ni 1:59:40. Sio. Ile ya Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, aliikimbia kweli na dunia nzima iliona, lakini hayakuwa mashindano ya wazi, wasaidizi wa kasi walikuwa wanaingia na kutoka kwa zamu, vinywaji analetewa kwa baiskeli, kwa hiyo haihesabiki kirasmi. PB yake ni 2:01:09, Berlin, Septemba 2022. Hakuna aliyemnyang'anya ile ya Vienna, iko moyoni kwa kila aliyeiona, ila kwenye safu ya PB inakaa 2:01:09.

Kwenye mbio za jamii za kila wiki tofauti hii inaonekana vizuri zaidi, na mfano mkubwa ni parkrun. Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika Bushy Park, London, wakimbiaji 13 tu, aliyeianzisha ni Paul Sinton-Hewitt, na wakati huo iliitwa Bushy Park Time Trial, yaani kujipima kwa saa. Toka jina la kwanza kabisa shughuli ilikuwa mtu na saa yake. Leo ni kilomita 5 kila wiki, bure, inaendeshwa na watu wanaojitolea, unamaliza unapewa kitokeni cha nafasi yako na barkodi yako inasomwa, basi. Februari 2024 wakaondoa kwenye tovuti zao orodha za rekodi, za njia, za marika na nyinginezo, na watu wengi walilalamika, wengine kwa hasira kweli. Lakini angalia kilichobaki. Muda wa kila mtu ulibaki, na PB zilibaki. Uamuzi ule unaweza kuupenda au kuuchukia, ila ulionyesha kwamba hivi ni vitu viwili tofauti, kimoja unaweza kukitoa kingine kikabaki kizima.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hata wakongwe, kwamba PB inaweza kuwa ya umbali au ya njia. Kwenye matokeo ya parkrun ya sehemu moja, alama ya PB mpya mbele ya jina lako inahusu njia ile. Ukienda sehemu mpya utaandikwa kwamba ni mara yako ya kwanza pale, hata kama umekimbia haraka kuliko popote ulipowahi kukimbia. Na kinyume chake pia, kwenye njia ya vilima na tope unaweza kupata alama ya PB kwa muda ambao ni dakika mbili nyuma ya ule wa njia yako tambarare. Zote mbili ni PB halali, ila ukisema "nimepata PB" bila kusema ya wapi aliyekusikiliza hajaelewa kitu. Nimemwona mtu akihuzunika wiki nzima kwamba kashuka kiwango na alichofanya ni kuhamia njia yenye kilima.

Na saa ya mkononi, jamani. Saa ya GPS haipimi njia, inakisia ulipo kila baada ya muda mfupi halafu inaunganisha nukta, na nukta zikiyumba yumba mstari unarefuka. Kwa hiyo kwenye njia iliyopimwa kilomita 5 saa inakuambia 5.06, na kilomita 5 "zake" zimekwisha mita 60 kabla ya mstari. Kwa mtu anayekimbia kila kilomita kwa dakika 5 na nusu hizo ni kama sekunde 20. Saa inakupongeza, apu inakupigia makofi, na matokeo yakitoka hayafanani, halafu lawama zinawaendea waliojitolea kushika saa tangu asubuhi. Fuata muda wa matokeo. Na kumbuka parkrun hawatumii chipu ya kumpimia kila mtu muda wake peke yake, saa inaanza kwa wote ishara ikitolewa, kwa hiyo ukianzia nyuma kabisa na ukavuka mstari wa kuanzia baada ya sekunde 25, hizo ni zako, zimo ndani.

Lakini yote hayo ni madogo ukilinganisha na lile ambalo hasa limenikalisha niandike. PB si fomu. Fomu ni uwezo wako wa sasa hivi, wiki hizi, ukiamka na kufunga viatu. PB ni ncha, ni siku moja ambayo kila kitu kilikukubalia. Vitu hivi viwili vinaweza kwenda njia tofauti kabisa kwa miezi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua mtu ambaye hapandi wala hashuki, uwezo wake ni ule ule, muda wake unabadilika tu kwa bahati ya siku, upepo, msongamano, usingizi. Mara ya kwanza anayokimbia ni PB bila ubishi. Mara ya pili nafasi ya kuipita ni nusu. Mara ya tatu ni theluthi. Mara ya 50 ni moja kati ya 50, kwa sababu kati ya siku zote 50 yoyote ingeweza kuwa ndiyo ya haraka kuliko zote, na ya mwisho ni mojawapo tu. Ukijumlisha, kwa wastani huyu mtu atapata PB kama nne na nusu kwenye mbio zake 50 za kwanza ukihesabu na ile ya mwanzo, na kwenye 50 zinazofuata hata moja kamili haifiki, ni kama 0.7. Mbio 50 kwa anayekimbia kila Jumamosi ni karibu mwaka.

Soma tena hapo. Mwaka wa kwanza nne na nusu, mwaka wa pili chini ya moja, na mtu hajabadilika kitu! Kwa hiyo yule mgeni anayeshusha PB kila mara anaweza asiwe anapanda kwa kasi kama anavyofikiri, na wewe wa mwaka wa tatu ambaye huioni PB unaweza usiwe umeshuka hata kidogo, ni vile ncha yako imeshakuwa juu na kuifikia kunataka siku ya bahati juu ya uwezo wako. Tena umri nao unakwenda, ndo maana matokeo yanakupa pia asilimia ya rika, ambayo inalinganisha muda wako na kiwango cha juu kabisa cha watu wa umri na jinsia yako. Mtu wa miaka 58 anaweza asiione tena PB yake ya miaka 45 na asilimia yake ikawa inapanda.

Kuishusha kwenyewe sitakaa sana, kila mtu anajua yake. Kimbia na siku nyingine, si Jumamosi peke yake, nyingi ziwe za polepole. Usitumie yote kilomita ya kwanza, hapo ndo PB nyingi zinakufa, mtu anatoka kwa dakika 5:00 kwa kilomita wakati uwezo wake ni 5:40 na kilomita ya nne anailipia. Jipange karibu na watu wa kasi yako pale mwanzo. Na ukitaka kujua kama unapanda, usiiangalie PB, chukua mbio zako sita au nane za mwisho kwenye njia moja uzilinganishe na sita au nane za kipindi kama hiki mwaka jana.

Hicho ndicho nilichomwomba yule dada afanye. Tukakaa pembeni kwenye nyasi akafungua matokeo yake kwenye simu. PB yake ni 28:52, ya mwaka jana, na wiki zilizoizunguka ile siku alikuwa anamaliza kwa 33, 34, mara moja 35. Mwaka huu hajaigusa 28:52 hata mara moja. Ila Jumamosi zake nane za mwisho zote ziko kati ya 30 na 32, na ile aliyoiita mbaya ilikuwa 31:40. Akazitazama muda mrefu. Nikamwambia, dada, ukiulizwa sema "muda wangu wa leo ni 31:40, na PB yangu bado ni 28:52", usiseme zaidi ya hapo.