Kabla ya kuchukua fomu ya udiwani, soma kabrasha

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandika mihutasari ya vikao vya baraza la madiwani. Uchaguzi ukikaribia, wanaotaka kugombea huniuliza mabango yawe ya rangi gani. Nami huwauliza kama wamewahi kusoma bajeti ya mji wao. Wengi hucheka.

Nakumbuka kikao kimoja cha kamati ya fedha. Kabrasha la bajeti lilikuwa nene kama msahafu, na madiwani walikabidhiwa jioni ya kuamkia kikao (sidhani ilikuwa bahati mbaya). Diwani mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amekesha nalo. Akasimama: "Mheshimiwa mwenyekiti, fungu la kuzibua mitaro limetengewa fedha miaka mitatu mfululizo. Zimetumika kiasi gani?" Kimya. Mweka hazina akapekua karatasi, akapekua tena. Hakuna hata senti iliyofika kwenye mtaro. Zote zilikuwa zimehamishiwa mafuta ya magari. Kabla mvua hazijaanza, vibarua walikuwa mitaroni na makoleo.

Hiyo ndiyo serikali ya mitaa. Bunge linaweza kubishana juma zima bila wewe kuona tofauti mlangoni pako. Baraza likichelewa kupitisha zabuni ya taka, unaisikia harufu siku ya nne.

Na mambo yake si madogo. Joseph Chamberlain aliingia baraza la Birmingham, Uingereza, mwaka 1869, akawa meya 1873 hadi 1876. Chini yake mji ulinunua kampuni za gesi na ya maji zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi. Kwake gesi iliruhusiwa kuuingizia mji faida. Maji hapana, kwa sababu aliyahesabu kuwa suala la afya. Porto Alegre, Brazili, kuanzia 1989, wakazi walianza kukutana mtaa kwa mtaa kupanga sehemu ya bajeti ya uwekezaji ielekee wapi: lami, mabomba au shule.

Kwa hiyo ukitaka kugombea, jua kwanza nini kiko chini ya baraza. Kuna barabara za mji na kuna barabara za serikali kuu, na nimeona wagombea wakiahidi lami kwenye barabara ambayo diwani hana mamlaka nayo hata ya kuifagia. Jua pia kwamba diwani ni kura moja. Bila wenzako kukuunga mkono kwenye kamati, hoja yako nzuri itabaki kwenye mihutasari yangu tu.

Mabango, haya, chapisha machache. Kata ni ndogo, na tofauti ya kura wakati mwingine hailingani hata na idadi ya wageni wa harusi moja. Miguu yako itakufaa zaidi. Piga hodi nyumba kwa nyumba, sikiliza kuliko unavyosema, na beba daftari: nani mtaro wake umeziba, nani anasubiri kibali cha ujenzi tangu lini.

Ukishindwa, kama wengi wanavyoshindwa mara ya kwanza, daftari hilo usilitupe. Baraza litaendelea kukutana, na vile viti vya wananchi nyuma ya ukumbi, ninavyoviona mimi kila kikao, vitupu.